Mizani ya Nabugoye

(Hotuba kwa mkutano wa wakulima wa kahawa na viongozi wa dini, Kilimanjaro)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu, Baba Paroko, Sheikh wetu, Mchungaji, wazee wangu, wajumbe wa mkutano mkuu, na akina mama mlioamka alfajiri kutupikia chai: Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Na ya nne ni shalom. Najua hiyo mmeizoea kwa walokole, lakini leo naomba muipokee kutoka kwa wenyewe, maana nimetumwa niifikishe.

Mlipotutuma Mbale, mashariki mwa Uganda, barua ya ziara ilisema tunakwenda kujifunza kilimo cha kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kilimo tumekiona, na bwana shamba atasoma taarifa yake mchana: kivuli, mboji, kupogoa, yote yamo. Mimi nimeomba nafasi nizungumzie jambo ambalo halikuwa kwenye barua. Nje kidogo ya Mbale, kwenye kilima kinachoitwa Nabugoye, kuna jamii ya Wayahudi. Ni Waafrika kama mimi na ninyi, wanalima kahawa, migomba na maharage, wanazungumza Kiganda na lugha za jirani zao, na Kiswahili cha sokoni kidogo. Wanaitwa Abayudaya. Nimeona jinsi wanavyowakumbuka watu wao, wanavyotoa sadaka na wanavyofanya kazi na majirani wasio wa dini yao, na nimerudi nikiona kamati yetu ya dini mbalimbali tunaiendesha kinyumenyume. Nitaeleza kwa nini, na msinikatize kabla sijamaliza. Mkimaliza kunisikiliza, nikatizeni mnavyotaka.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Mtu akisikia "Wayahudi wa Uganda" hukimbilia ile habari ya mwaka 1903, Waingereza walipompa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi nchi yao, wazo la kuwapatia Wayahudi wa Ulaya ardhi Afrika Mashariki. Ule mpango uliitwa wa Uganda kwa jina tu. Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, upande wa Eldoret, Kenya ya leo. Mkutano wa Wazayuni uliikataa mwaka 1905, mambo yakaishia hapo. Abayudaya hawahusiani nayo hata kidogo. Hawakuletwa na Mzungu, hawakuhubiriwa na mmisionari. Walianza wenyewe.

Aliyeanza ni Semei Kakungulu. Huyu alikuwa Mganda, mwindaji wa tembo aliyegeuka jemadari, na mwishoni mwa karne ya 19 aliwasaidia Waingereza kuishika nchi ya mashariki, Bukedi na Busoga. Mji wa Mbale wenyewe ulikua kuzunguka boma lake. Kwa kazi hiyo alitarajia kuwa mfalme wa sehemu ile. Waingereza wakampa cheo cha serikali, na kidogo kidogo wakampunguzia eneo. Wazee wanaokumbuka habari za mangi wetu, watawala wa mlima huu, na Wajerumani wanaijua biashara ya namna hiyo: unapigana vita ya mtu, halafu unaambiwa asante, kaa pale.

Kakungulu akawakasirikia. Alihamia kwanza kwenye dhehebu la Bamalaki, waliokuwa wakikataa dawa za hospitali na kushika Sabato, akaendelea kuisoma Biblia mwenyewe. Alipofika kwenye amri ya tohara akasimama. Wenzake wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga na wafuasi wake chini ya mlima. Hawakuwa na rabi wala vitabu vya Kiebrania. Mwaka 1922 alitoa kitabu chake cha sala na kanuni kwa Kiganda. Inasimuliwa kwamba mgeni Myahudi aliyeitwa Yosef alikaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda ya sikukuu na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928, na kaburi lake liko palepale, karibu na sinagogi. Watoto wanapita kando yake wakienda shule.

Nimesema "kuchinja" na nimemwona Sheikh anatikisa kichwa. Ndiyo, Sheikh, hawali nyama ambayo hawakuichinja wenyewe kwa taratibu zao. Na kwenye sinagogi wanavua viatu mlangoni. Mimi niliacha viatu vyangu kwenye rundo la malapa na raba za watoto, nikaingia kwenye ukumbi wa matofali uliofunguliwa mwaka 2016, nikapewa kofia ndogo ya uzi iliyofumwa kwa mkono na akina mama wa pale. Jioni ya Ijumaa waliimba Zaburi kwa Kiganda kwa sauti zilizopangwa vizuri kuliko kwaya nyingi ninazozijua, na Mchungaji anisamehe. Zipo rekodi za nyimbo zao zilizotolewa Marekani mwaka 2003, zikafikia kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Lakini nyimbo hazikuwa kilichonishika.

Kilichonishika ni tarehe.

Idi Amin alichukua madaraka Januari 1971. Mwaka 1972 aliwafukuza Waisraeli waliokuwa Uganda, na Waasia baada yao. Dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa, mengine yakabomolewa au kuachwa yaporomoke. Abayudaya wenyewe husimulia kwamba walikuwa kama elfu tatu kabla yake, na baada yake kama mia tatu. Wengine waligeuka Wakristo, wengine Waislamu, kwa sababu kila mtu alitaka kuishi na kusomesha. Waliobaki walisali ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Kuna habari za mtu aliyekamatwa kwa kosa la kusoma Torati, ndugu zake wakapeleka mbuzi kwa wakubwa wa pale ndipo akaachiwa. Ninyi mnacheka kwa sababu ya mbuzi. Hata wao wanacheka sasa.

Halafu ikaja Vita vya Kagera. Hapa sina haja ya kuwafundisha. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Mwalimu akatoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia, na vijana wa vijiji hivi wakapanda malori. Tarehe 11 Aprili 1979, siku ya Jumatano, jeshi letu pamoja na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala. Amin akakimbia.

Sasa fuateni kalenda pamoja nami. Kwa Wakristo ile ilikuwa Wiki Takatifu, maana Pasaka iliangukia tarehe 15. Kwa Wayahudi, jioni ya tarehe 11 Aprili ndiyo uliokuwa usiku wa kwanza wa Pasaka yao, usiku wanaokaa mezani, wakubwa na watoto, kusimulia jinsi Waisraeli walivyotoka utumwani Misri. Kampala imeanguka mchana, jioni inaingia Pasaka. Huko Nabugoye hadi leo wanapokumbuka kutoka Misri wanakumbuka na kuanguka kwa Amin. Mzee mmoja wa pale alinishika mkono, akaniuliza: "Wewe ni Mtanzania wa wapi?" Nikamwambia Kilimanjaro. Akasema, "Basi wewe ni mtu wa nyumbani." Sikujua nijibu nini.

Sikujua kwa sababu sisi vita ile tunaikumbuka kivyetu. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, tukaifunga zaidi ya hapo. Tunakumbuka foleni za sukari, sabuni na khanga. Tunakumbuka waliorudi na majeraha, na wasiorudi, ambao mama zao wengine wako kwenye ukumbi huu. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaona viongozi kwenye televisheni wakiweka mkuki na ngao. Lakini mimi, kwa umri wangu huu, sikuwahi kuambiwa kwamba upande wa pili wa mpaka kuna kijiji ambacho watu wake walirudi kusali hadharani kwa sababu ya vijana wale. Hakuna aliyetuficha. Hatukuuliza tu.

Na kuna jambo lingine dogo linalohusiana. Mnakumbuka ndege ya Ufaransa iliyotekwa na kupelekwa Entebbe mwaka 1976, na makomando wa Israeli walivyowaokoa mateka usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Bibi mmoja mzee, Dora Bloch, hakuwepo uwanjani usiku ule kwa sababu alikuwa amepelekwa hospitali ya Mulago. Watu wa Amin walimtoa kitandani wakamuua. Mwili wake haukupatikana hadi 1979, baada ya vita vyetu, karibu na shamba la miwa mashariki ya Kampala, na mabaki yakapelekwa kuzikwa Jerusalem. Familia ile ilipata kaburi la kwenda kusimama kwa sababu jeshi letu lilifika. Mama uliyempoteza kijana wako kule, sisemi hili likufute machozi. Nasema ulistahili kuambiwa.

Tuingie kwenye sadaka.

Kwa Wayahudi, siku ya kumbukumbu ya marehemu huwashwa mshumaa, husomwa sala, na hutolewa sadaka kwa jina lake. Hilo halitushangazi. Waislamu tuna sadaka za marehemu, Wakatoliki wana misa za wafu na michango yake, na sisi wote hapa mlimani hatumalizi matanga bila watu kula. Tofauti ni nini hasa kinafanywa na ile fedha. Alikuwepo mwanachuoni wao mkubwa, Musa bin Maimuni, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 akafariki Misri mwaka 1204. Alikuwa tabibu, aliandika mengi kwa Kiarabu, na masheikh waliosoma sana wanamjua. Huyu aliipanga sadaka kwa ngazi nane. Ya chini kabisa ni ya mtu anayetoa huku amenuna. Juu yake yuko anayetoa kidogo lakini kwa uso mkunjufu, kisha anayesubiri kuombwa, kisha anayetoa kabla ya kuombwa, na kuendelea kupanda mpaka kwa anayetoa bila kumjua anayepewa, na anayepewa hamjui aliyetoa. Mtu angedhani hapo ndipo juu kabisa, maana wahubiri wetu wote huishia hapo: mkono wa kushoto usijue ufanyacho mkono wa kuume. Bin Maimuni akaongeza ngazi moja juu yake. Ngazi ya nane ni kumkopesha mtu, kumtafutia kazi, au kuingia naye ubia, ili asihitaji tena kupewa.

Ubia. Mtu wa miaka mia nane na zaidi iliyopita, anazungumzia ushirika. Wajumbe, sisi tulioanza na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa cha Kilimanjaro, mwaka 1933, tungepaswa kumbandika ukutani ofisini.

Sasa sikilizeni walivyoipanda ngazi hiyo. Mmoja wa viongozi wao, J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001. Siku ile ile alikuwa anakwenda kutazama yale majengo pacha. Akayaona yakiwaka moto. Alirudi nyumbani na swali moja: watu wanauana kwa jina la dini, na mimi kijijini kwangu nina majirani Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana, nifanye nini nao? Angeweza kuitisha kongamano. Angepata wafadhili, maji ya chupa na kofia zenye maandishi. Badala yake alipita nyumba kwa nyumba akiuliza jambo moja: mnauza wapi kahawa yenu, na kwa bei gani?

Jibu lilikuwa lile lile kila mlango. Walikuwa wanamuuzia mlanguzi anayekuja na mizani yake mwenyewe, iliyofungwa vizuri kwa upande wake. Mlanguzi haulizi dini ya mtu. Anamwibia Myahudi Jumapili na Mkristo Jumamosi. Mwaka 2004 wakaunda chama kinachoitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Walianza wakulima mia chache, baadaye wakapita elfu moja, wengi wao si Wayahudi, maana Wayahudi wenyewe pale ni wachache. Uongozi uligawanywa ili dini zote zikae kwenye meza ya hesabu, asiwepo wa kusema kitabu cha fedha kiko kwa watu fulani. Kampuni moja ndogo ya kuchoma kahawa ya Fort Bragg, California, Thanksgiving Coffee, ikakubali kuinunua kahawa yao moja kwa moja, kwa masharti ya biashara ya haki, kwa bei iliyozidi ile ya mlanguzi.

Naomba nikae hapa kidogo kwenye kupima, kwa sababu ndipo nilipoelewa. Fikirini mnapanga ratiba ya kupokea kahawa kwenye chama cha namna hii. Ijumaa adhuhuri Waislamu wako msikitini. Ijumaa jua likizama, Myahudi haruhusiwi kushika fedha wala kufanya biashara mpaka Jumamosi usiku. Jumapili Wakristo wako kanisani. Na kahawa haisubiri: mbivu iliyochumwa leo, usipoimenya leo inaanza kuchacha na harufu yake hutaiondoa. Kwa hiyo inabidi watu wa dini tatu wakae chini wajue siku za ibada za kila mmoja, si kwa heshima ya maneno, bali kwa sababu wasipozijua kahawa inaharibika na wote wanakosa. Myahudi anahitaji Mwislamu amenye kahawa Jumamosi. Mwislamu anahitaji mwenzake aangalie vichanja Ijumaa mchana, mvua ya mlimani ikija ghafla avifunike. Hapo mtu anamwamini jirani kwa gunia zima, na jirani anajua akilowesha atalijibu.

Tukienda kupima, niliona mama mmoja wa Kiislamu, mtandio umekaza, anabishana na karani kwa sababu kikapu chake kilikuwa na punje za kijani kati ya nyekundu. Karani alikataa kupokea. Akamwambia akae pembeni, achambue. Mama akakaa kwenye mkeka, akachambua huku ananung'unika, na mama mwingine mwenye rozari shingoni akachuchumaa kumsaidia, wakizungumza habari za binti wa mtu aliyekimbia shule. Hakuna aliyezungumzia amani. Hapo ndipo nikakumbuka vikao vyetu vya kamati, tunavyofungua kwa dua tatu, tunasoma maazimio yale yale, tunapiga picha, tunagawana posho, tunaondoka. Sheikh na Mchungaji wananiangalia. Mimi nami posho hiyo nimekuwa nikiichukua, kwa hiyo nasema nikiwa ndani.

Lakini tusidanganyane. Kahawa ile haikuuzwa kwa ubora peke yake. Hadithi nayo iliuza. Mnunuzi wa Marekani aliyesoma kwenye pakiti kwamba Myahudi, Mkristo na Mwislamu wamelima pamoja alikuwa tayari kutoa dola zaidi. Si vibaya, ila hadithi ikichakaa sokoni inabaki kahawa. Na bei ya dunia ikipanda, mlanguzi hurudi na fedha taslimu mkononi, huku chama kinasema subirini malipo ya pili. Hapo mwanachama hujaribiwa, awe anasali wapi. Ugonjwa huo tunao hapa, sihitaji kuwaambia magunia ya nani yalipita njia za panya msimu uliopita.

Upande wa misaada nitapita haraka, ingawa ndio unaopigwa picha zaidi. Tangu miaka ya 1990 Abayudaya wamekuwa na marafiki nje, hasa Marekani. Shirika la Kulanu liliwafikia miaka hiyo, na Be'chol Lashon likaja kusaidia afya na maji. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomeshwa Los Angeles na akapewa urabi mwaka 2008. Baadaye, mwaka 2016, akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, katika jimbo ambalo kura za Wayahudi peke yake zisingempitisha hata udiwani. Hilo nalitaja kwa makusudi. Mwaka 2010 kilifunguliwa kituo cha afya Mbale, Tobin, kinachotibu yeyote. Vyandarua viligawiwa vijijini, visima vikachimbwa. Shule yao ya msingi ya Hadassah na ile ya sekondari yenye jina la Kakungulu zinapokea watoto wa dini zote, na sare ni ile ile.

Mtasema hiyo ni ukarimu. Mimi nadhani ni ukarimu na ni akili. Fikirini kijiji maskini, nyumba hamsini, halafu wageni wanashuka kwenye basi dogo wakiwa na fedha kwa ajili ya nyumba kumi tu, kwa sababu ya dini yao. Ndani ya miaka miwili zile nyumba kumi zitakuwa na mabati mapya na maadui arobaini. Watu waliokwisha kuonja miaka ya Amin hawahitaji kufundishwa jirani mwenye wivu anaweza kufanya nini siku serikali ikigeuka. Kwa hiyo kisima kinachimbwa mahali ambapo kila mtu atachota. Chandarua kinapewa jirani kwanza. Hata kwa sababu ya kawaida kabisa: mbu aliyemuuma mtoto wa Mwislamu ndiye atakayemuuma wa Myahudi usiku huo huo.

Linalonitia wasiwasi kwao nalisema pia, nao niliwaambia. Ada nyingi za shule bado zinategemea mfadhili aliye mbali. Mfadhili akizeeka, au watoto wake wakipenda jambo jingine, kiti cha mwanafunzi kinayumba. Kwa ngazi za Bin Maimuni, chama cha kahawa kiko juu kabisa, na ufadhili wa ada uko katikati. Mmoja wa walimu alinijibu, bila kukasirika, kwamba mtoto wa darasa la sita hawezi kusubiri wazazi wake wapande ngazi. Ana haki.

Sasa tuje nyumbani. Mwenyekiti, naleta mapendekezo, na naomba yaingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Kwanza, ule mfuko wetu wa rambirambi. Tunatoa, tunakula, tunamaliza. Napendekeza sehemu ya fedha hizo, kiasi mtakachokubaliana, igeuzwe kuwa mkopo wa miche bora kutoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kwa wajane na kwa familia za waliokufa vita vya Kagera, kwa jina la marehemu mwenyewe. Mjane alipe kwa kahawa msimu wa nne, wa tano, mti ukishazaa. Fedha ikirudi, apewe mwingine. Jina la kijana liandikwe kwenye daftari la chama, sio kwenye jiwe tu.

Pili, kamati ya dini mbalimbali iache kukutana ofisi ya kata. Ikutane kwenye mashine ya kumenya kahawa, wakati wa msimu, na kila kiongozi alete vijana wake wa kazi. Ratiba ya zamu za vichanja ipangwe kwa siku za ibada: Waislamu washike Jumapili, Wakristo washike Ijumaa mchana, Wasabato mtatupa Jumapili na Ijumaa zote, maana Jumamosi tumewazoea. Posho ifutwe. Nimelisema, na nitalipa gharama yake nyumbani.

Tatu, wenzetu wa Nabugoye wameomba kuja, wakulima wanne, kati ya Oktoba na Desemba tutakapokuwa tunavuna. Mmoja wao atakuwa Myahudi, mmoja Mwislamu, wengine wawili Wakristo. Tatizo ni chakula na Sabato. Yule Myahudi atakula mboga, maharage na ndizi bila shida, ila sufuria iwe haijapika kitimoto; mama Mwenyekiti wa kikundi cha upishi amesema anazo mpya. Kuanzia Ijumaa jioni hatasafiri, kwa hiyo msimpangie ziara ya Marangu Jumamosi. Alale kwa nani, hilo mtaamua ninyi. Mimi ningefurahi alale kwa mmoja wa wazee waliopigana, kama mzee mwenyewe atakubali, na kama tutampata mkalimani wa Kiganda, kwa maana Kiswahili cha Mbale kitafika njiani kikaishiwa nguvu.

Nauli ya basi kutoka Mbale kupitia Nairobi bado haijapatikana yote. Katibu ana karatasi ya michango pale mlangoni, karibu na viatu. Sheikh ameanza kuandika. Mchungaji, nakuona unatafuta kalamu. Maswali sasa, tuanze na akina mama.